KANGA YAO, KURA YAKO!

Ndugu mpiga kura, kuna chumba kimoja katika nchi hii ambamo mkuu wa wilaya, balozi wa nyumba kumi na tajiri wa mtaa hawana ruhusa ya kukufuata. Ni kituturi cha kupigia kura. Mle ndani mko wawili tu: wewe na dhamira yako.

Vigogo wanalijua hilo. Ndiyo maana kazi yao huanza kabla hujafika: leo kanga, kesho fulana, keshokutwa kilo ya sukari. Wanataka uingie ukiwa na deni moyoni. Mwaka 2000 walithubutu hata kuipitisha tabia hiyo kwa sheria, wakaiita takrima, eti ukarimu wa jadi! Ilibidi wananchi waende mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kuwa takrima inavunja Katiba.

Ukitaka kujua thamani ya siri, waulize Wakenya. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, walipangwa mlolongo hadharani nyuma ya wagombea. Nani angethubutu kusimama mbele ya chifu katika mstari asioutaka mkubwa? Malalamiko yalizagaa kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuishinda mirefu. Mwaka 1990 chama hicho chenyewe kikaufuta utaratibu huo.

Sasa tuseme kweli. Wako watu waadilifu wanaojiuliza: nimekula chake, nikimnyima kura si nitakuwa msaliti? La hasha! Ukarimu wa kweli haudai marejesho. Anayekupa ili umlipe kwa kura hakukukirimu, anakununua. Tena kura hiyo si yako peke yako. Ndani yake mna dawa za zahanati ya jirani yako na dawati la mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Yeye hana kura, anakutegemea wewe. Utalipaje deni lako kwa mali ya mtoto?

Heri ukatae kanga yao mlangoni. Lakini kama dhiki ilikulazimisha kuipokea, usiiruhusu ikushike mkono. Na wakija kuandika namba ya kadi yako wakidai watajua ulimchagua nani, usitishike: karatasi ya kura haina jina lako.

Msaliti si anayekula pilau akachagua haki. Msaliti ni anayeijua haki akaiuza kwa sahani ya pilau!