Tarjuma Itangulie Sheria

Samaki yule mdogo mweupe ambaye sisi wa Gatete na Rumonge, huku Burundi, twamwita ndagala, jamaa zetu wa Kigoma humwita dagaa, na watu wa Mpulungu, kule Zambia, humwita kapenta. Na yule tumwitaye mukeke, akishavuka mpaka wa maji usioonekana kwa macho, jina lake huwa mgebuka. Ziwa Tanganyika ni moja, samaki ni yule yule, walakini amri inayomhusu ikitungwa katika dola moja huchukua muda mrefu mno kabla haijasomeka katika dola ya pili. Mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi katika upande wake wa ziwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, khabari hiyo ilinifikia mimi kwa kinywa cha mchuuzi wa mawese, wala si kwa karatasi yoyote. Nami nikajiuliza, ikiwa raia wa kawaida ameipata hivyo, je, mbunge wake, ambaye siku moja atatakiwa ainue mkono kuikubali au kuikataa amri kama hiyo kwa niaba ya wavuvi, yeye ameipataje?

Swali hili si la samaki peke yao. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, ikakubali mkataba ambao ibara yake ya 137 wakati huo ilisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na ambao ibara yake ya 8 yazipa sheria za Jumuiya daraja ya juu kuliko sheria za dola katika mambo ya mkataba huo. Miaka miwili baadaye tukaingia katika umoja wa forodha, na sheria yake kubwa ya usimamizi wa forodha ilikuwa imekwisha tungwa mwaka 2004, kabla Mrundi hata mmoja hajaketi katika Bunge la Jumuiya huko Arusha. Kiingereza chenyewe hakikufanywa lugha rasmi hapa kwetu ila mwaka 2014. Basi fikirini, ndugu wasomaji: kwa muda wa miaka saba dola yetu ilifungwa na sheria zilizoandikwa kwa lugha ambayo dola yenyewe ilikuwa haijaitambua. Wajumbe wetu tisa wanaokwenda Arusha huenda wakajisaidia. Lakini waheshimiwa wa Inama Nshingamateka, yaani Bunge letu, na wa Inama Nkenguzamateka, yaani Seneti, ambao ndio wenye dhima ya kuzilinganisha sheria za nyumbani na hizo za ugenini, wengi wao wamesomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa, na mtu hawezi kuilinganisha nguo na kipimo ambacho hajakiona.

Wala sheria itokayo nje si jambo geni katika ardhi hii. Wabelgiji walipoiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925, waliweka sharti kwamba amri za Kongo zisizoitaja nchi hii mahsusi hazitakuwa na nguvu huku mpaka zitolewe idhini kwa amri nyingine ya mtawala wa huku. Mkoloni, ambaye hakumwuliza raia rai yake, alijua hata hivyo kwamba sheria iliyotoka nje hubisha hodi kwanza. Aliloliacha ni lugha. Nalo si ajabu, kwani huko kwao Ubelgiji katiba yao ya mwaka 1831 iliandikwa kwa Kifaransa peke yake, na wale wasemao Kiholanzi, ambao ni wengi katika nchi ile, walingoja hadi mwaka 1967 kuipata katika lugha yao kwa matini yenye nguvu rasmi. Miaka 136!

Mfano ulio bora zaidi umetoka Ulaya hiyo hiyo. Jamhuri ya Cheki ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, kampuni moja iliyoagiza mvinyo, jina lake Skoma-Lux, ilitozwa faini kwa kukosea taratibu za forodha, ilhali kanuni iliyotumiwa kuitoza ilikuwa haijachapishwa kwa Kicheki katika gazeti rasmi la Umoja. Shauri likafika Mahakama ya Umoja huo iliyoko Luxembourg, nayo tarehe 11 Desemba 2007 ikaamua kwamba kanuni isiyochapishwa kwa lugha ya dola mpya haiwezi kumbebesha raia wa dola hiyo wajibu wowote, hata kama raia huyo angaliweza kuisoma kwa njia nyingine, kama vile katika intaneti. Kanuni yenyewe haikubatilishwa, bali ilizuiliwa isimguse mtu kabla hajasemeshwa kwa lugha yake. Mwenye kufanya biashara katika bandari ya Rumonge au mpakani Mugina, akiisikia hukumu hiyo, atauliza kwa haki ni kwa nini yeye asistahili kinga iliyopewa mwuza mvinyo.

Wako watakaosema kwamba watarjumani wa sheria ni haba na gharama zao ni kubwa. Ni kweli, nami siipuuzi hoja hiyo. Tena naongeza kwamba tarjuma ya haraka inaweza kudhuru kuliko kutokuwa na tarjuma, kwa kuwa mfasiri asiyejua ziwa akiandika dagaa katika katazo lililokusudia kila samaki mdogo, amemhalalishia mtu kuvua watoto wa mukeke. Lakini dawa ya uhaba ni kugawana kazi. Tanzania mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo imekuwa ikizifasiri sheria zake. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko Zanzibar. Na maneno kama forodha, ushuru, rufaa, dhamana na hati yanajulikana Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac kama yanavyojulikana Kigoma na Uvira. Sisemi Kirundi kiwekwe kando, kwani katiba ya mwaka 2018 imeamuru kila sheria iwe na matini yake ya asili kwa Kirundi, nayo imesema vema. Nasema kwamba mfasiri wa Bujumbura, akikuta mbele yake sheria ya Arusha imekwisha semwa kwa Kiswahili, lugha iliyo ndugu ya Kirundi kwa muundo wake, nusu ya mzigo wake umekwisha tuliwa.

Kwa hiyo nawasihi waheshimiwa, kwa unyenyekevu lakini kwa mkazo: msiipigie kura hati yoyote iliyotoka nje mpaka tarjuma yake iwe mezani, na siku iliyowekwa hapo iandikwe katika kumbukumbu za kikao, ili raia apate kujua ilichelewa siku ngapi. Nakala ipelekwe tarafani, na nyingine ibandikwe mwaloni, mahali wavuvi wanapoanikia nyavu. Na kazi hiyo ianze na kanuni za ziwa ambazo dola nne zilizotia saini mkataba wa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 zinaendelea kupatana juu yake, zipate kusomwa hapa kabla ya msimu mwingine wa kufungwa kwa maji.