Kuchangisha pesa ni kazi, tena ni amana

Vijana wenzangu wa Section 58, Kiti, Free Area na Nakuru yote,

Ukisema hapa mtaani kwamba kazi yako ni kuchangishia shirika pesa, wengine wanakuona ombaomba. Wengine wanauliza chini kwa chini, "Na wewe unabaki na ngapi?" Dini yetu ilishajibu hayo yote mawili.

Fungua Surat At-Tawba, aya ya 60. Katika makundi manane yanayostahili zaka, wamo wale wanaoikusanya na kuisimamia. Yaani ni kazi inayotambuliwa na ina malipo yake.

Halafu soma hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, imo kwa Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akigawa: hii yenu, hii nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza, je, mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfikia?

Kwa hivyo lipwa, lakini usijikatie. Meneja wa uchangishaji anafaa kupewa mshahara unaojulikana, ulioandikwa kwa bajeti, si asilimia ya kila shilingi inayoingia. Ukilipwa kwa asilimia, utamkimbilia tajiri na kumsahau mama mboga mwenye shilingi 50 zake.

Na kazi yenyewe si kupiga simu tu. Ni kuandika maombi ya ruzuku, kutoa risiti, kumrudia aliyechanga na kumwonyesha pesa zake zilifanya nini. Zaka ina watu wake, usiichanganye na kodi ya ofisi. Na kabla ya kuzunguka sokoni na ndoo, uliza kama mnahitaji leseni, kwa sababu Kenya ina sheria ya michango ya hadharani, Sura ya 106.

Mbona nalisema hili kwa ukurasa wa haki? Kwa sababu shirika la haki linaweza kunyamazishwa kupitia akaunti yake ya benki. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliwataja MUHURI na Haki Africa kwa orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Hadi Novemba mwaka huo ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Januari 2025 nayo, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi Kenya ikasimama.

Ukishukiwa, hesabu safi ndizo utakazobeba kortini. Mfadhili akiondoka, watu 500 wakichanga shilingi 100 kila mwezi, hiyo ni 50,000. Ofisi ndogo haifungi mlango.

Basi kama kikundi chenu kinachangisha kupitia simu ya mtu mmoja, anzeni hapo wiki hii. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Kila mwezi bandikeni hesabu kwa ubao wa msikiti na kwa grupu ya WhatsApp. Na wewe uliyesomea uhasibu ama mawasiliano na bado unatafuta kazi, jifunze hii. Ukiajiriwa, dai mkataba, na ukubali kukaguliwa.

Allah atujaalie tuwe waaminifu kwa amana za watu. Amin.

Kikundi chenu kilitoa hesabu mara ya mwisho lini?