Uliosoma nao, namba zao unazo?

Jumamosi iliyopita nilikuwa steji ya Kitengela nikisubiri matatu ya kurudi Kajiado. Mara nikaguswa bega. Kumbe ni mwenzangu wa ile kozi fupi ya mameneja tuliyosoma Nairobi! Anaishi Kitengela, mimi Kajiado. Barabara ni moja, ile ya Namanga, na miaka yote hiyo hatujaonana.

Ndipo akaniambia kwamba yule jamaa aliyekuwa akitufafanulia mahesabu usiku wa kuamkia mtihani alishazikwa. Sikujua. Hata mchango sikutoa.

Kosa ni letu. Kundi letu la barua pepe lilipokufa, lilikufa na majina yote. Hata makubwa hufungwa: Google+ mwaka 2019, Yahoo Groups mwaka 2020. WhatsApp nayo si daftari.

Maoni yangu kama mwandika programu: orodha ya darasa iwe mali ya darasa. Faili la CSV linatosha, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato: jina, simu, barua pepe, mji. Hufunguka kwa Excel, hata kwa Notepad. Watu wawili au watatu wawe na nakala. Ila ombeni ruhusa ya kila mtu kwanza. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Halafu kila Januari mpigieni kila mtu simu, maana faili halijui nani anaumwa.

Tulikuwa 30. Sisi wawili tumekumbuka majina 11. Wewe je?