Picha Zilicheka, Mtoto Hakucheka

KUTOKA NYANDA ZA KAJIADO
Na Teresia Nashipae

Agosti iliyopita, kila siku ilipokaribia saa kumi jioni, simu yangu ilianza kulia na picha zikamiminika. Kambi ya likizo iliyompokea mwanangu wa miaka tisa hapa Kitengela ilikuwa na desturi ya kuwatumia wazazi picha kwenye kundi la WhatsApp: watoto waliopakwa rangi usoni wakawa simba na vipepeo, watoto ndani ya bwawa, watoto kwenye foleni ya uji. Mwanangu alikuwamo, meno yote nje. Nilizitazama nikiwa ndani ya matatu kutoka Nairobi, kisha nikamtumia mama yangu kule Rombo, naye akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba mjukuu wake ananawiri.

Jumatano ya wiki ya pili, nilipokuwa nikimfunika blanketi, mtoto aliniuliza: "Mama, zile pesa ulizolipa zinaweza kurudishwa?" Nikamwambia hazirudishwi. Akanyamaza kidogo. "Basi nitamaliza tu," akasema.

Nilikaa pale kitandani mpaka yakatoka yote, moja baada ya jingine. Maji ya bwawa yalikuwa baridi sana. Anayeishi huku anajua Agosti yetu ilivyo, upepo unafagia uwanda na jua halionekani mpaka adhuhuri. Walioogopa kuingia walichekwa. Viatu vya magurudumu vilikuwa vichache, na wavulana wakubwa walichukua zamu za wadogo. Saa mbili za kwanza za kila siku zilikuwa za hesabu na Kiingereza. Hakuwa na rafiki hata mmoja. Nikamuuliza, na zile picha je? Akanishangaa. "Tunaambiwa tucheke."

Sitaki kuisema vibaya kambi hiyo kuliko inavyostahili. Binti wa jirani yetu alikuwa huko huko, na wiki hizo hizo alijifunza kuogelea, akapata marafiki watatu, akalia siku ya mwisho kwa sababu kambi imekwisha. Hata mwanangu alikuwa na raha yake moja. Jumanne na Alhamisi alikuja mwalimu wa ufinyanzi, na mtoto alirudi nyumbani na ng'ombe wa udongo mfukoni, wengine wamevunjika pembe. Hao aliwasimulia bila kuulizwa. Bwawa ni lile lile na walimu ni wale wale, lakini watoto wawili wa ploti moja waliishi Agosti mbili tofauti. Mimi nilijua moja tu, ile ya picha.

Wala sikuwa na uwanja salama nyumbani nikaamua tu kumpeleka mtoto kambini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela, na wengi wetu tumejibana kwenye ploti za hamsini kwa mia zilizokuwa malisho ya Wamaasai na njia ya nyumbu kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge uzio wala kuuza, wanyama waendelee kupita. Ulisaidia, lakini haukutosha mbele ya bei ya ploti. Ambaye hakuna aliyefikiria kumlipia njia ni mtoto. Akitoka getini anakutana na lori la mawe na bodaboda. Akibaki ndani ana televisheni na dada wa kazi aliyechoka. Mzazi ameshapanda matatu alfajiri kwenda Nairobi, au yuko kiwandani Athi River. Kwa hiyo kambi ya mchana, saa mbili hadi saa kumi, ni msaada wa kweli, na wanaoiendesha wengi ni vijana wenye moyo.

Lakini zile saa mbili za hesabu nazikataa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tuisheni iliyopakwa rangi ya kipepeo usoni bado ni tuisheni. Na tukubali kwamba wazazi ndio tunaoiomba.

Agosti hiyo hiyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa lakini ndani ya kaunti hii hii, binti wa kaka yangu naye alikuwa kambini. Rombo yetu iko chini ya Kilimanjaro, imepakana na Rombo ya Tanzania upande mmoja na Tsavo Magharibi upande mwingine. Likizo ya huko haina mtoto asiye na kazi. Kuna nyanya na vitunguu vya kumwagilia kwa zamu ya mfereji, hata zamu ikiangukia usiku, kuna mbuzi wa kupeleka malishoni, na kuna ndovu wa kufukuza shambani kwa debe na tochi. Anayesema kwamba watoto wa huko wana uwanja wote wa dunia hajawahi kubeba mtungi wa lita ishirini akiwa na miaka kumi na miwili.

Na kwa msichana, Agosti na Desemba ni miezi ya hatari, kwa kuwa ndiyo likizo ndefu ya kumkeketa na kidonda kupona kabla shule hazijafunguliwa. Ndiyo maana makambi ya huko yalizaliwa tofauti na ya Kitengela. Shirika la Amref lilianza unyago mbadala Loitokitok mwaka 2009, wasichana wakifundishwa kwa siku kadhaa kisha wakavushwa utu uzima kwa baraka za wazee, bila wembe. Nice Leng'ete wa Kimana, aliyeukimbia wembe akiwa mtoto na baadaye akapata kibali cha kusema mbele ya wazee na morani, aliingia katika orodha ya jarida la Time ya watu 100 wenye ushawishi duniani mwaka 2018. Tangu 2011 ukeketaji una sheria yake mahsusi inayouharamisha, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 38 mwaka 1998. Makambi haya yana mchango wake katika safari hiyo. Yeyote anayetaka kuyafunga asitumie maneno yangu.

Kambi ya binti yetu ilikuwa ndogo, ya kwenda na kurudi, kwenye uwanja wa shule. Nilipofika Rombo mwisho wa mwezi nilimkuta akiosha vyombo kwa mama, nikakaa naye. Niliyoyatarajia aliyasema: wamefundishwa mwili, sheria, na pa kukimbilia. Halafu akasema jambo ambalo silikuti kwenye ripoti yoyote. "Shangazi, kule nilikuwa nakaa tu." Kukaa chini ya mti na wasichana wenzake, hakuna anayemtuma, hakuna mbuzi, hakuna mtungi. Alilitaja hilo mara tatu.

Kisha akainamisha kichwa kwenye beseni. Siku ya mwisho walikuja wageni wenye kamera. Wasichana walivishwa shanga, wakasimamishwa juani kuimba, wakapigwa picha mmoja mmoja wakiwa wameshika vyeti. Hakutaka. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kama inaruhusiwa kukataa. Sasa ile picha inazunguka kwenye simu za watu sokoni, na wavulana wanamtania kwamba yeye ndiye "yule ambaye hajakatwa". Kitu alichopewa kimlinde kimemwanika.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuitazama picha ya mtoto kambini kama nilivyoitazama zamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na pia matumizi yenyewe yawe kwa manufaa ya mtoto. Si maneno ya karatasini tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mimi mwenyewe nilitia saini fomu ya ridhaa Kitengela bila kuisoma, nikiwa nimesimama getini injini za magari zikinguruma nyuma yangu.

Ridhaa ya mtoto mwenyewe haikuwa na mstari kwenye fomu. Ilhali Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Ibara ya 31 inampa mtoto mapumziko na michezo, na ibara ya 12 inataka maoni yake yasikilizwe katika mambo yanayomhusu. Nawaomba wenye makambi, Kitengela na Rombo, wamwombe kila mtoto ruhusa kabla ya kumwelekezea simu, na akisema hapana iwe hapana, hata kama mfadhili amekwisha kuketi kwenye hema. Nawaomba wazazi wenzangu tusiulize "Umefurahi?" tukiwa tumeshika risiti. Mtoto wa miaka tisa anaisoma risiti usoni mwetu. Tumuulize alikaa na nani, alikula wapi, nini kilimchosha, na tungoje jibu mpaka usiku kama ni usiku litakapokuja.

Kaka yangu nimemwambia kuhusu kule kukaa tu. Hakunijibu siku ile. Wiki jana mama aliniambia kwamba Jumamosi alasiri mbuzi sasa wanakwenda na mvulana.

Na Desemba inakuja. Nimempigia mwenye kambi nikamuuliza kama mtoto anaweza kulipiwa kwa siku, akasema anaweza. Nikamuuliza mwanangu. Alifikiri tangu chakula cha jioni hadi asubuhi, akaniletea jibu nikiwa navaa viatu: Jumanne na Alhamisi, siku za udongo. Nimemlipia hizo mbili.