Mambo ya Sokoni: Chai Rahisi Hulipiwa na Nani?

Alfajiri, kabla jua halijatoka baharini, watu wa Likoni huanza kumiminika kuelekea kivukoni. Kabla ya kushuka kwenye feri, wengi husimama kando ya njia penye meko ya makaa na birika lililojaa masizi, wakanunua kikombe cha chai na mahamri mawili. Kule Kisauni mambo ni yayo hayo, na Changamwe vilevile, penye malango ya maghala na viwanda. Chai ndiyo kifungua kinywa cha tajiri na maskini. Na siku ambayo nyumbani hamna kitu kingine, chai ya rangi husimama mahali pa chakula.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mwenye nyumba aendapo dukani hutafuta chai ya bei rahisi. Fedha ni chache, watoto wangoja, na kodi ya nyumba haina subira. Hapana aibu katika jambo hilo. Lakini yafaa mnunuzi ajue bei hiyo rahisi yatoka wapi, na ni nani aliyelipa kile ambacho yeye hakulipa. Maana katika biashara kila punguzo lina mtu aliyelibeba.

Kwanza yapasa kuondoa kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba chai rahisi ni mafagio ya sakafu ya kiwandani. Si hivyo. Majani ya chai yakiisha kukatwakatwa na mashine, kugeuka rangi na kukaushwa, hupitishwa katika machekecheo. Punje kubwa huwekwa mbali, punje ndogo mbali, na vumbi la chai mbali. Vumbi hilo si uchafu; ni chai halisi, nayo hutoa rangi nzito upesi, hata wauzaji wengi wa chai huipenda kuliko nyingine. Iliyo duni ni ile yenye nyuzi nyingi za vikonyo, ambayo hata ikichemshwa sana haina nguvu. Iliyo mbaya ni ile iliyokaa wazi ikashika unyevu, au iliyochanganywa na kitu kisicho chai. Picha nzuri juu ya pakiti haziwezi kuponya lolote kati ya hayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kosa la pili ni kudhani kwamba pakiti yenye bei ndogo ndiyo chai rahisi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ikiwa pakiti ya gramu 50 yauzwa shilingi 35, na pakiti ya gramu 500 yauzwa shilingi 300, basi anunuaye ndogo mara kumi hulipa shilingi 350 kwa chai ileile. Hivyo maskini, kwa kukosa shilingi 300 kwa mkupuo mmoja, hulipa zaidi ya mwenye nazo. Majirani wawili au watatu wakichanga fedha zao wakanunua pakiti kubwa na kuigawana kwa kipimo, watakuwa wameokoa kitu bila kumwonea mtu.

Sasa na tuifuate chai yenyewe tangu itokako. Hailimwi pwani, hutaka milima, baridi na mvua nyingi. Yatoka Kericho na Nandi, Kisii na Nyamira, Murang'a, Nyeri na Meru. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kikapuni mgongoni, na hurudi kwenye kichaka kilekile baada ya siku chache. Yahitajika yapata kilo 4 na nusu za majani mabichi ili kupata kilo 1 ya chai kavu. Zamani kazi hiyo ilikuwa karibu yote mikononi mwa makampuni na walowezi. Mashamba ya Waafrika yalianza kuenea katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo. Leo wakulima hao wanapita 600,000, na Kenya ni ya tatu duniani kwa wingi wa chai, nyuma ya China na India.

Kutoka viwandani chai hushuka katika magunia ya karatasi mpaka Mombasa, ikaingia katika maghala ya Changamwe na Shimanzi. Hukutana humo na chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na Kongo, zote zikingoja mnada. Mnada huo ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Ule mnada mkongwe wa London, ulioanza mwaka 1679, ulifungwa mwaka 1998. Na leo Mombasa ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya chai ulimwenguni. Waonjaji huivuta chai kwa kijiko kwa sauti kubwa, wakaitema, wakaandika; kisha madalali huiuza kila juma. Tangu mwaka 1992 bei yake hutajwa kwa dola za Marekani.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa kwa chai ya wakulima wadogo, kwamba isiuzwe mnadani chini ya dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wengi walilalamika kwamba bei hiyo ni kubwa. Basi na ihesabiwe. Kikombe kimoja huhitaji yapata gramu 2 za chai, kwa hiyo kilo moja hutoa vikombe 500. Dola 2.43, kwa kipimo cha shilingi 129 kwa dola moja, ni shilingi 313. Ukizigawa kwa vikombe 500, majani ya kikombe kimoja yamepata senti 63. Hiyo ndiyo bei iliyoitwa kubwa! Mwenye kuuza chai kando ya njia ajua vema kwamba maziwa, sukari na makaa humla fedha nyingi kuliko majani. Tena hizo senti 63 hazimfikii mkulima zote. Ndani yake mna ujira wa mchumaji, mbolea, kuni za kukaushia, umeme, gari la mizigo, kodi ya ghala na haki ya dalali. Husemwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mchuma chai huchuma katika umande na baridi, na mara nyingi alaye kivulini ni mtu mwingine.

Je, ile bei ya chini ilisaidia? Kwa muda wakulima walifurahi. Lakini wanunuzi hawakulazimika kununua. Waliinunua chai nyingine, na ile iliyobaki ikarudi ghalani, juma kwa juma, mpaka magunia yakawa mamilioni ya kilo. Chai si dhahabu. Ikikaa sana hupoteza harufu na nguvu, na bei yake hushuka. Mwaka 2024 bei hiyo ya chini iliondolewa. Chai ya zamani ikatoka pamoja na mpya, soko likafurika, na mwaka 2025 wakulima wengi walipata malipo ya mwisho wa mwaka yaliyopungua, wakalalamika sana, khasa wale wa magharibi ya Bonde la Ufa.

Hata thamani ya shilingi iliwaumiza. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa yapata shilingi 160. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa yapata 129. Mtu wa mjini alifurahi, maana mafuta na vitu vya ng'ambo hununuliwa kwa dola. Lakini kilo iliyouzwa kwa dola 2, ambayo ingalimletea mkulima na kiwanda chake shilingi 320, sasa ilileta 258 tu. Chai ni ileile, kazi ni ileile, na shilingi 62 zimetoweka bila mwizi kuonekana.

Wala mwenye kulima hana amri juu ya wanunuzi wake. Pakistan ndiyo inunuayo chai ya Kenya kwa wingi kuliko nchi nyingine. Mwezi wa Juni 2022, nchi hiyo ilipopungukiwa na fedha za kigeni, waziri wake mmoja aliwaomba raia wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku. Neno hilo lilisemwa mbali, lakini lilisikika mpaka Kericho. Sudan nayo ilikuwa mteja mwema. Vita vikazuka huko mwezi wa Aprili 2023, na mwezi wa Machi 2025 serikali yake ikapiga marufuku bidhaa za Kenya kwa ugomvi wa siasa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na safari hii nyasi zilikuwa majani ya chai.

Taabu hii si ya Kenya peke yake, wala si mpya. Mwaka 1933, bei ilipokuwa imeanguka dunia nzima, India, Ceylon na visiwa vya Indonesia vilivyotawaliwa na Wadachi zilipatana kupunguza chai ya kuuzwa nje ili bei isimame. Ceylon hiyo, ambayo leo huitwa Sri Lanka, mwaka 2021 ilikataza mbolea za viwandani kwa ghafula, na mavuno ya chai yakapungua. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, ikiwa haina dola, ilipatana na Iran kulipa deni la mafuta la dola milioni 251 kwa kutoa chai ya dola milioni 5 kila mwezi. Uganda nayo chai yake huuzwa Mombasa kwa bei ya chini kuliko ile ya Kenya na Rwanda, na wakulima wake wameumia zaidi. Nchi itegemeayo jani moja hutetemeka kila upepo uvumapo.

Pengine mtu wa Changamwe atasema, "Hayo ni ya watu wa bara, mimi nina haja gani nayo?" Haja anayo. Chai isipouzwa haipakiwi katika makontena. Isipopakiwa, mchukuzi wa kibarua hana cha kubeba, dereva hana safari, na mshona magunia hana wito. Ndipo hutokea jambo la kushangaza, kwamba ghala limejaa mpaka darini, na mtu wa ghala ana njaa. Mchukuzi wa namna hiyo ndiye amwambiaye muuza chai wa langoni, "Mama, nikopeshe kikombe leo, ghala limejaa lakini kazi hamna." Naye mama humjibu, "Mwanangu, chai umeilalia wewe, nawe waja kuikopa kwangu?" Hucheka wote wawili, na kikombe hutolewa, lakini mama ajua kwamba vikombe vya mkopo vikizidi, kesho hatakuwa na sukari. Basi bei iangukayo Kericho hufika mpaka kwenye meko ya Changamwe.

Kwa hayo yote, mnunuzi wa Kisauni au Likoni afanye nini? Asidanganywe kwamba yeye akilipa shilingi kumi zaidi mkulima ataokoka. Sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya hunywewa ng'ambo, na bei ya dukani haifuati bei ya mnada hatua kwa hatua. Ndani yake mna karatasi, usafiri, kodi na faida za wengi. Mwenye mshahara mdogo anunue chai aiwezayo, wala asijilaumu.

Lakini yako mambo mawili aliyo na uwezo nayo. La kwanza, atazame pakiti imefungwa wapi. Chai nyingi hutoka Kilindini katika magunia, haina jina la shamba wala la mlimaji. Hufika nchi za mbali, ikachanganywa na nyingine, ikatiwa katika vipakiti vizuri, na faida kubwa hubaki huko. Ile iliyochanganywa na kufungwa Kenya, iwe Mombasa au Kericho, imempa mtu wa hapa kazi zaidi ya kubeba gunia. Bei zikilingana na utamu ukalingana, hiyo ndiyo ya kununuliwa.

La pili, akatae chai iliyochanganywa na takataka hata ikiwa rahisi namna gani. Kila pakiti ya udanganyifu humharibia jina mkulima mwaminifu, na jina likiisha kuharibika katika soko, kulirudisha ni kazi ya miaka mingi.

Yaliyobaki ni ya wenye mamlaka: kutafuta wateja wapya ili nchi isimtegemee mnunuzi mmoja, kupunguza wanaokata fungu kati ya shamba na mnada, na kuhakikisha kwamba chai inatoka nchini ikiwa tayari kwa kikombe na si ikiwa katika gunia. Mambo hayo yamesemwa miaka mingi. Mkulima sasa angoja kuyaona.

Na kesho alfajiri, pale kivukoni Likoni, birika litachemka tena. Anywaye na akumbuke kwamba kitu cha bei ndogo kabisa katika kikombe chake ni yale majani yaliyokipa jina.