Utafiti wa Digrii ya Kwanza: Ukishavua Joho, Unauwasilisha Wapi?



Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo halina kelele za kisiasa, ila linawagusa vijana wengi waliopita vyuoni pamoja na wazazi waliouza ng'ombe kuwasomesha. Kijana yuko mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza, anafanya utafiti. Kapita vijijini na dodoso, kapima maji ya mfereji, kahesabu majani ya kahawa yenye kutu, au kakaa wodini miezi akijaza fomu. Ripoti ikapigwa jalada gumu: nakala moja maktaba, moja kwa msimamizi, moja kabatini nyumbani. Mahafali yakapita, mbuzi akachinjwa, picha zikapigwa. Halafu? Ule utafiti unakwenda wapi?

Nauliza kwa sababu Moshi ni mji wa vyuo. Tuna chuo kikuu cha tiba pale KCMC, Chuo Kikuu cha Ushirika ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, Mwenge ambako walimu wa sayansi wanapikwa, na Mweka kule juu mlimani ambako wanasomea wanyamapori tangu 1963. Kila mwaka ripoti zinazaliwa hapa kwa mamia. Nyingi zinazikwa hapa hapa.

Kuna watakaosema hasara iko wapi, si kijana keshapata cheti chake? Hasara ziko mbili. Ya kwanza ni ya kijana mwenyewe. Akiomba ufadhili wa digrii ya pili ataulizwa amewahi kuwasilisha wapi, amechapisha nini. Akijibu "nilifanya utafiti, uko maktaba", anawekwa pembeni. Ya pili ni ya wale waliotoa majibu. Mama wa Kibosho aliacha kupalilia migomba yake akajibu maswali ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyerudi kumwambia kilichoonekana. Siku akija mwanafunzi mwingine na dodoso, mama atamwambia shamba linamsubiri, na atakuwa na haki.

Wakati huo huo mlima wetu unaandikwa na wengine. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walitoboa barafu ya Kibo, na mwaka 2002 wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba kwa kasi ile barafu ingeweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, barafu imepungua sana lakini bado ipo. Kuanzia 2010 Wajerumani nao waliendesha mradi mkubwa wa kuchunguza mimea, wadudu na udongo kuanzia nyika hadi juu kabisa. Sina ugomvi na wageni, kazi zao zina manufaa. Ninachosema ni kwamba kijana wa Marangu aliyepima mfereji wa babu yake naye ana la kusema kuhusu maji ya mlima huu, ila hana pa kulisemea.

Tena Mweka ina historia katika jambo hili hili, na wengi hatuijui. Wote tumesikia habari za Erasto Mpemba na maji ya moto yanayowahi kuganda kuliko ya baridi. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, yeye akaharakisha akaweka maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akataniwa kuwa ana fizikia yake binafsi. Siku Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja pale kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akaagiza lijaribiwe maabara. Matokeo yakatoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza, kwa majina ya wote wawili. Na wakati huo Mpemba alikuwa ameshaondoka sekondari. Alikuwa anasoma wapi? Mweka, hapa hapa Moshi!

Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana. Mwaka 2016 kuna waliochapisha kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Sawa tu, ndiyo kazi ya sayansi. Lakini angalia kilichomsaidia yule kijana. Kulikuwa na ukumbi wa bure, mgeni mwenye utaalamu aliyekubali kusikiliza, na mtu aliyekubali kuandika naye. Hakulipa ada ya ushiriki wala hakupanda ndege.

Sasa tuje leo. Kwa nini mhitimu wetu anakwama? Kwa maoni yangu tatizo ni kwamba hana kiti. Mwanafunzi wa sekondari anacho: tangu 2011 kuna Young Scientists Tanzania, anapeleka mradi wake, anapimwa na majaji, anapewa zawadi. Mhadhiri anacho, chuo kinaweza kumgharamia, na serikali imeshaanza kutoa tuzo kwa wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa. Hata mwanafunzi wa chuo, Bodi ya Mikopo ina kipengele cha utafiti katika mkopo wake. Maana yake Taifa linamkopesha kijana hela ya kukusanya takwimu, halafu siku takwimu zimeiva hakuna senti ya kuzipeleka kwa watu. Na akishavua joho kitambulisho kimekwisha muda. Kwenye fomu ya kongamano kuna bei ya wanafunzi na bei ya wataalamu. Mwanafunzi siye tena, mtaalamu mwenye mshahara bado. Anatozwa bei ya mkubwa.

Ongeza nauli, gesti usiku mbili tatu, chakula, kuchapisha bango, na siku ambazo hatauza chochote kama ndiye yule anayejishikiza dukani kwa mjomba. Kutoka Moshi hadi Dodoma au Dar ni zaidi ya kilomita 500. Wengi wanaishia hapo.

Na hapo ndipo fisi anapotokea. Barua pepe inaingia ikimwita kijana mwenye digrii moja "Profesa mheshimiwa" na kumwalika kongamano la kimataifa Dubai au Bangkok. Jamani, tuwe macho! Dalili ni hizi: kongamano moja linachanganya udaktari, uhandisi na uchumi, ikisiri yako inakubaliwa kwa siku moja bila swali hata moja, majina ya kamati ukiyatafuta hayapatikani kwenye chuo chochote, na wanachokazania ni dola ziingie kabla ya tarehe fulani. Majarida ya namna hiyo nayo yamejaa. Hela ya mama inaliwa, na ukiliweka kwenye wasifu wako wanaojua wanakuona umepigwa.

Basi afanye nini mwenye mfuko mwepesi? Mi naona aanze karibu.

Kwanza, arudi kwenye idara yake. Semina ya idara haina kiingilio. Amwombe msimamizi nafasi ya dakika ishirini. Hapo hapo wamalize suala la msimamizi kuwa mwandishi mwenza, maana huwezi kupeleka mahali kazi mliyofanya wote bila kumshirikisha. Na kama takwimu ni za wagonjwa au zilichukuliwa ndani ya hifadhi, kibali kilichotolewa ndicho kinachosema zinaweza kutumika vipi. Asirukie.

Pili, aangalie Arusha. Ni kilomita 80 tu, unakwenda na Coaster asubuhi jioni unalala kwenu, gharama ya gesti imefutika. TAWIRI hufanya kongamano la kisayansi la wanyamapori kila baada ya miaka miwili, na kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Arusha. Chuo cha Nelson Mandela kipo upande huo huo. Kwa walio kwenye afya, NIMR wana kongamano lao, MUHAS wana lao. Kwa kilimo kuna SUA Morogoro. Kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya ada, andika uulize mambo matatu: je, mhitimu wa mwaka jana anaweza kulipa bei ya mwanafunzi? Je, kuna msamaha wa ada? Je, mnahitaji wa kujitolea mapokezi? Barua ni bure, na jibu baya kuliko yote ni hapana.

Tatu, kama kazi yake imezaa kifaa au mbinu, kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Pale hata fundi wa mtaani anashiriki, kwa hiyo kutokuwa na kitambulisho cha chuo si kikwazo.

Nne, mtandao. Kuweka ripoti au bango kwenye Zenodo, ambayo inaendeshwa na CERN ya Uswisi, ni bure, na unapewa namba ya kudumu ambayo mtu yeyote ataikuta. Haijapitiwa na wataalamu, hilo uliseme wazi, lakini angalau imetoka kabatini. Akitaka jarida la kweli, ajue kuwa Tanzania imo Kundi A la Research4Life, na wachapishaji wengi wakubwa huwafutia ada waandishi wa nchi za kundi hilo. Na AuthorAID inamkutanisha mwandishi mchanga na mshauri mzoefu bila malipo. Bando tu.

Tano, na hili naliona kubwa kuliko yote, arudi kwa wenye takwimu. Kama ni kahawa, aende TaCRI pale Lyamungo, aende mkutano wa AMCOS aliyohoji wanachama wake, aende Nane Nane viwanja vya Themi. Wakulima wa vihamba watamuuliza maswali magumu kuliko jopo lolote: hii chulebuni unayoisema, mwaka wa mvua nyingi inakuwaje? Akijibu hapo, popote atajibu.

Najua hoja itakayoletwa. Kwamba tafiti nyingi za digrii ya kwanza ni dhaifu, nyingine zimeandikiwa steshenari kwa malipo, nani apoteze muda kuzisikiliza? Kweli zipo, tusidanganyane. Lakini zimefika huko kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua hakuna atakayezisoma. Mwanafunzi akijua kwamba mwakani atasimama mbele ya watu wa Machame aliowahoji, wakiwemo shangazi zake, hatathubutu kupika takwimu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Vyuo hivi vinne vya Moshi vitenge siku moja kwa mwaka, Jumamosi, ukumbi mmoja kwa zamu, kwa ajili ya wahitimu wa miaka miwili iliyopita. Mabango yabandikwe, ikisiri zipitiwe na wahadhiri, milango iwe wazi kwa wakulima, wauguzi na walimu wa sekondari. Kumbi zipo na wahadhiri wapo. Kinachobaki ni chai na mihogo. Na waandaaji wa makongamano ya kitaifa wamhesabu mhitimu asiye na ajira kama mwanafunzi kwa miaka miwili baada ya mahafali. Hilo linahitaji mstari mmoja tu kwenye fomu.

Wewe uliyemaliza, ripoti yako iko wapi sasa hivi? Na nyie wahadhiri mnaopita hapa, hiyo Jumamosi inashindikana nini?

Naomba kutoa hoja.