Alama ya Kidole Haisemi, Inasomwa

Nimechoka na riwaya za upelelezi zinazomalizwa na alama ya kidole. Unazijua: kurasa 200 mpelelezi anahangaika, anadanganywa, anapigwa, halafu mwishoni mtaalamu anaingia na bahasha, alama zimefanana, muuaji analowa jasho na kukiri. Kitabu kimeisha. Eti huo ndio ushahidi! Mimi nauita uganga uliovaa koti jeupe.

Tuelewane. Sisemi alama za vidole ni uongo. Michirizi ya ngozi hutengenezwa mtu akiwa bado tumboni mwa mama, na hata mapacha wa kufanana hawalingani. Lakini mahakamani swali si hilo. Swali ni kama hiki kipande kilichofifia, nusu kidole, kilichopakazika kwenye mpini wa panga, kiliachwa na huyu aliyesimama kizimbani. Hata kama kompyuta imetafuta majina, anayetoa jibu ni binadamu, mwenye macho yake, uchovu wake na dhana zake.

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliua watu zaidi ya 190 kwenye treni za Madrid. Polisi wa Hispania wakakuta alama ya kidole kwenye mfuko wenye vilipuzi. FBI wakaibuka na Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Mwislamu. Wataalamu wao wakakubaliana ni yeye. Wahispania wakasema hailingani, hawakusikilizwa. Hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama akasema ni yeye. Mayfield alikaa ndani kama wiki mbili, hadi Hispania ilipomtaja Mwaljeria mwenye kidole hicho. Mwaka 2006 Marekani ilimlipa dola milioni 2 na kumwomba radhi.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo ambalo sisi wasomaji tunapaswa kulitambua haraka. Wachunguzi walianza kuona kwenye ile alama fifu vitu walivyoviona kwanza kwenye kidole cha Mayfield. Yaani walisoma kitabu wakiwa wameshaambiwa mwisho wake. Ukishaambiwa muuaji ni nani, kila ukurasa unakubaliana nawe.

Na nyayo je? Soli ya kiatu inakupa aina na pengine saizi. Ili umtaje mwenye kiatu unahitaji mkato, kokoto iliyonasa, upande uliolika. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi lililomshauri rais wa Marekani lilisema madai ya kukihusisha kiatu kimoja na unyayo mmoja kwa alama hizo hayajathibitishwa kisayansi. Kwetu huku ndiyo usiseme. Fikiria alama ya tairi karibu na maiti, kituo kizima kinasaka pikipiki, kumbe ni mzee aliyepita na katambuga zake! Riwaya hiyo ningeinunua leo.

Msiniambie hadithi za aina hii haziwezekani bila bahasha ya maabara. Polisi wa London walianzisha ofisi ya alama za vidole mwaka 1901. Miaka 2 tu baadaye Conan Doyle aliandika kisa ambamo alama ya dole gumba ukutani imeghushiwa kutoka kwenye lakiri ya nta. Inspekta anashangilia, Sherlock Holmes anajua jana yake ukuta ule haukuwa na kitu. Na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, alitufundisha kwamba upelelezi ni kufikiri.

Mtasema ni hadithi tu. Hapana, jamani. Msomaji wa riwaya hizi ndiye huyo huyo anayesikia kwenye redio kwamba alama zimekutwa eneo la tukio, na kabla ya chai kupoa ameshamhukumu mtu. Tumemfundisha sisi.

Kwa hiyo, waandishi, ombi langu ni moja. Mtaalamu akiingia na bahasha, awepo mhusika wa kumuuliza: nani mwingine ameiangalia, na aliambiwa nini kabla ya kuiangalia? Kama kesi yako inabomoka kwa maswali hayo mawili, basi bado hujamkamata muuaji.